Kivinjari Kilichoniozesha kwa Babu

Sehemu ya Sita

Nimeolewa.

Bwana harusi ana miaka sabini na minane, meno sita, na koti la mvua analovaa hata kiangazi. Anaitwa Hussen Issa, wa Mchinga. Ni baba wa baba yangu.

Mlionisoma wiki iliyopita mliniacha mbele ya mashine ya laminesheni, cheti cha Mwalimu Veronika kikitoka kimekunjamana kama chapati ya jana. Niliwaambia mkosi wangu umefika mwisho wa safari. Nakiri nilikosea. Ulikuwa umesimama kuchimba dawa tu.

Kwa aliyepanda leo: mimi ni Imani Saad Hussen, miaka ishirini na minne, mwenye stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu na Kiswahili ambacho sijakiazima kwa mtu. Nafanya kazi steshenari ya Mama Fortunata, hapa Mtanda, Lindi. Tunachapa, tunatoa nakala, tunawajazia watu fomu za mtandaoni. Baada ya cheti kile, Mama Fortunata aliniweka chini ya uangalizi wa mwezi mmoja. Kosa moja tena, alisema, na nitarudi Mchinga kubangua korosho.

Lakini nilikuwa na tumaini lingine. Kuna kampuni inayotengeneza kivinjari, kile tunachofungulia mtandao hapa dukani. Kivinjari hicho kinajua Kiswahili kama mgonjwa wa malaria anavyojua yuko wapi. Niliwaandikia barua kumi na moja kuwaonyesha makosa yao. Barua ya kumi na mbili waliniandikia wao. Wanatafuta mhakiki wa Kiswahili, hasa Kiswahili cha maonyo ya usalama. Kazi ya kufanyia nyumbani. Mwisho wa maombi, Jumatano saa sita mchana.

Sijawahi kutaka kitu kama nilivyoitaka kazi ile. Hebu sikilizeni nilivyoivuruga.

*

Juu ya kivinjari, upande wa kulia, kuna kitufe cha kusasisha. Toleo jipya likitoka, kitufe huwa cha kijani. Ukikipuuza kinageuka rangi ya chungwa. Ukiendelea kukipuuza kinakuwa chekundu.

Chetu kilikuwa chekundu kwa siku arobaini na moja.

"Imani," Mama Fortunata aliniuliza Jumatatu, mkononi ana bakuli lake la uji, "hicho kidude chekundu kinataka nini?"

"Kinataka kusasishwa, mama."

"Si ukisasishe?"

"Baadaye."

"Baadaye ndiyo alivyokuwa akisema marehemu mume wangu juu ya paa."

"Ikawaje?"

"Masika yote tulilala na sufuria kifuani."

Sikumwambia ukweli. Ukweli ni kwamba toleo jipya halivipokei viendelezi vya zamani. Kiendelezi ni programu ndogo unayoipachika kwenye kivinjari ili ikufanyie kazi ambayo kivinjari chenyewe hakiwezi. Mimi nilikuwa na kimoja nilichokipenda kama ndugu. Nilikiita Karani.

Karani alikumbuka kila kilichoandikwa kwenye kila fomu. Ukimwandika mteja mara moja, siku nyingine ukianza tu jina lake, Karani anamwaga yaliyobaki: tarehe ya kuzaliwa, simu, kata, kazi, mwenzi, watoto. Mtanda nzima walisema nina vidole vya umeme. Nikanyamaza, nikala sifa za Karani.

Siku nilipompachika, kivinjari kilinionya kwamba kiendelezi hiki kitaweza kusoma na kubadilisha kila kitu, kwenye kila tovuti. Onyo lenyewe lilikuwa limetafsiriwa ovyo. Nikakasirika. Nililinakili daftarini, nikalisahihisha kwa kalamu nyekundu, nikalisoma kwa sauti nikaona limekuwa tamu.

Kisha nikabofya Ruhusu.

Onyo nililiandika upya kwa mkono wangu, neno kwa neno, na sikusikia linasema nini.

*

Jumanne akaja babu kutoka Mchinga, na koti lake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mke wangu. Umekonda. Huyo mume wako wa mjini hakulishi?"

"Mume wa mjini sina."

"Basi ndiyo maana umekonda."

Chama chao cha wakulima wa korosho kimehamishia daftari mtandaoni. Asiyejiandikisha hapati salfa ya kupulizia mikorosho, na ugonjwa wa ubwiri unga haungoji mtu. Nikamketisha, nikafungua ukurasa. Kivinjari kikajifanya kunisaidia, kikautafsiri. Mara kikatokea kijidirisha: Je, unakubali biskuti zote?

Tovuti huacha vijifaili kwenye kompyuta ili zikukumbuke ukirudi. Watu wenye heshima zao wanaviita vidakuzi. Kivinjari chetu kiliamua ni biskuti. Barua yangu ya nne ilikuwa juu ya biskuti hizo.

"Wanauliza nini?" babu akasema.

"Wanauliza kama unakubali biskuti."

"Zote?"

"Zote au baadhi."

"Kubali zote. Nimetoka nyumbani na chai kavu."

Nikakubali. Tukaandika jina, kijiji, ekari tatu, mikorosho themanini na mbili, salfa mifuko minne. Tukafika kwenye jina la mwenzi.

"Bibi anaitwa Amina nani kwenye kitambulisho?"

"Bibi yupi?"

"Babu."

"Yule nimemwacha. Jana kanipa ugali wa juzi. Andika wewe."

Mnajua mambo ya babu na mjukuu. Tangu nazaliwa ananiita mke, na bibi ananiita mke mwenziwe. Utani huo una sheria yake: anayekasirika ameshindwa, na aliyeshindwa analipa. Miaka ishirini na minne sijawahi kulipa. Sikuona sababu ya kuanza siku ya Jumanne.

"Haya," nikasema, "naandika. Imani Saad Hussen. Namba yangu ya simu. Jina la mume?"

"Hussen Issa. Andika herufi kubwa, asije mtu akakutongoza."

"Simu ya mume?"

Akaitaja ya kwake.

"Miaka ya ndoa?"

"Una miaka mingapi?"

"Ishirini na minne."

"Hiyo hiyo. Nilikuoa umelala."

"Watoto?"

"Saba. Pamoja na baba yako."

"Kwa hiyo baba nimemzaa mimi."

"Na alikutesa. Alikuja kwa miguu."

Tulicheka mpaka Mama Fortunata akachungulia kutoka nyuma, naye akacheka bila kujua tunachocheka. Nilikuwa nafuta. Wallahi kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kufutia. Mama akaniita, printa imemeza mtihani wa darasa la saba. Nikaenda kuuchomoa, dakika mbili, haikuzidi.

Niliporudi, babu alikuwa amekalia kiti changu na kushika mausi.

"Nimekusaidia," alisema. "Kile kitufe cha kijani kilikuwa kinasubiri."

Kwenye skrini paliandikwa: Hongera. Taarifa zako zimewasilishwa.

"Babu, umeshatuma."

"Ndiyo. Sasa hizo biskuti analeta nani?"

Nikajisemea kosa hilo nitalirekebisha kesho. Kesho ilikuwa Jumatano.

*

Jumatano saa tano asubuhi nilifungua fomu ya kampuni. Ilitaka insha ya maneno mia tatu, na mada ilikuwa hii: Kwa nini mtumiaji asome onyo kabla ya kubofya.

Niliandika kama mtu aliyetumwa. Nilisema onyo ni mlango, na mwenye nyumba hafungui mlango kabla ya kuuliza nani. Niliipitia insha mara tisa. Niliondoa koma mbili, nikairudisha moja.

Sehemu ya juu ya fomu sikuipitia hata mara moja. Huko nilikuwa nimeandika jina langu tu, Imani, na Karani akamalizia yaliyobaki kama ilivyo ada yake.

Chini kabisa palikuwa na kisanduku cha kutia tiki: Nathibitisha kwamba yote niliyoandika ni kweli. Ikibainika nimedanganya, maombi yangu yafutwe.

Nikatia tiki. Saa sita kasoro dakika nne nikatuma. Nikajinunulia soda.

*

Alhamisi asubuhi bibi Amina alishuka stendi akaja moja kwa moja dukani, kanga kiunoni, kichwani furushi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu." Akalitua furushi juu ya printa. "Nimekuletea vyako."

"Vyangu vipi?"

"Kanzu mbili, vikoi vitatu, fulana. Zote chafu. Na hii ni dawa ya mgongo. Anapakwa akishaoga, na kuoga anabembelezwa."

"Bibi, kuna nini?"

Akanionyesha simu yake. Chama kilikuwa kimemtumia babu ujumbe, naye akamrushia bibi kumchokoza: Ndugu Hussen Issa, usajili wako umekamilika. Mwenzi: Imani Saad Hussen. Watoto: saba.

"Mikorosho themanini na mbili," bibi akasema. "Nimeipanda mimi, nimeipalilia mimi, nilipokuwa na mimba ya baba yako. Sasa nasoma kwenye simu kwamba mimba yenyewe ilikuwa yako."

"Ulikuwa utani, bibi."

"Najua. Na mimi natania. Kikoi cha bluu kinachuja rangi, ukifue peke yake."

Mama Fortunata alikuwa anaangalia dari ili asicheke. Hapo simu yangu ikaita. Betri ya simu ile hukata roho kila asubuhi, nilikuwa ndiyo kwanza nimeiwasha baada ya kuichaji. Mwanamke, sauti laini, ya Dar es Salaam.

"Dada Imani? Naitwa Debora, napiga kutoka kampuni ya kivinjari. Hongera. Insha yako imemliza mkuu wangu."

Nikaibana simu sikioni. Bibi akasogeza sikio.

"Tulikutafuta mapema ukawa hupatikani," Debora akaendelea, "kwa hiyo tukaongea na mume wako."

"Na nani?"

"Mzee Hussen. Namba uliyoiweka ya mtu wa karibu. Mcheshi sana."

"Alisemaje?"

"Alisema alikuoa umelala."

Nikakaa juu ya katoni ya karatasi.

"Alisema hukuwa na jino hata moja, na sasa meno yanamwisha yeye, kwa hiyo mmelipana."

"Dada Debora—"

"Sisi hatuingilii ndoa za watu. Ila umeandika una miaka ishirini na minne, na ndoa ina miaka ishirini na minne. Halafu watoto saba. Na pale tulipouliza unatarajia nini kutoka kwetu, umeandika salfa, mifuko minne. Mkuu anauliza kama ni makosa ya kuandika au ni la polisi."

Fikirini nilipokuwa. Nikisema Hussen ni mume wangu, ni la polisi. Nikisema si mume wangu, nimetia tiki ya uongo na maombi yanafutwa. Nikisema ni kiendelezi, nitakuwa nimewaambia watu wanaotafuta mlinzi wa maonyo kwamba mlinzi mwenyewe alibofya bila kusoma. Na Mama Fortunata, hatua mbili kutoka kwangu, alikuwa anasikiliza kwa masikio yote mawili.

"Mtandao unakatika," nikasema.

"Mimi nakusikia vizuri."

"Unakatika huku kwetu tu."

Debora akahema. "Basi tuonane kwa video Jumamosi, saa nne asubuhi. Tumia kompyuta ile ile uliyotumia kuomba. Na Mzee Hussen awepo. Utakuwa unaona matoleo kabla hayajatoka, kwa hiyo watu wa nyumbani kwako lazima waahidi kutunza siri."

Akakata. Bibi akajifunga kanga upya.

"Aahidi kutunza siri," alisema polepole. "Hussen. Mtu aliyetangaza tumbo langu la kuhara kwenye hitima."

*

Ijumaa baada ya swala nilikwenda Mchinga kurekebisha daftari la chama. Kuondoa mwenzi si kazi. Daftari linatuma tarakimu sita kwenye simu ya mume, unaziandika, basi. Tatizo ni kwamba simu ilikuwa mfukoni mwa koti, na koti lilikuwa mwilini mwa babu.

"Nipe tarakimu, babu."

"Unataka talaka?"

"Nataka bibi arudi kwenye daftari apate salfa yake."

"Umekasirika?"

"Sijakasirika."

"Pua imekasirika."

Bibi alikuwa anapepeta mchele, akatikisa kichwa kunionya. Nikavumilia. Babu akaanza kuniuliza kama mahari nitarudisha yote au nusu, na kama watoto saba nitawachukua au nitamwachia. Nikaiona kazi yangu inaelea na kuzama. Na hapo, kwa mara ya kwanza maishani, nikalisema lile neno.

"Nimeshindwa."

Babu akatega sikio. Hata bibi aliacha kupepeta.

"Sema tena."

"Nimeshindwa, babu. Taja malipo."

Alipapasa jino lake la pekee la mbele.

"Jumanne," alisema, "nilikubali biskuti zote. Mpaka leo sijaona hata moja."

Nilikwenda dukani nikarudi na pakiti. Akaikataa, alikuwa amekubali zote, si baadhi. Nikarudi nikanunua zilizobaki kwenye rafu, za nazi na za tangawizi. Akaketi na kikombe cha chai, akawa anachovya biskuti na kutaja tarakimu moja, anachovya, anataja. Tarakimu ya nne ilichelewa, biskuti ilikatikia ndani ya kikombe na ilibidi itafutwe.

Saa kumi na moja jioni bibi Amina alikuwa ameolewa tena. Alipiga kigelegele kimoja kifupi, cha kunikomoa.

Lakini fomu ya kampuni haikuwa na tarakimu. Ikishatumwa imetumwa.

*

Jumamosi saa nne kasoro robo steshenari ilikuwa imejaa. Babu alikaa kushoto kwangu, koti limefungwa mpaka kidevuni. Bibi alikaa kulia, kama shahidi wa upande wa mashtaka. Mama Fortunata alikuwa anafuta vumbi printa iliyokuwa haina vumbi.

Kivinjari kikafungua video. Kile kitufe chekundu kilikuwa pale pale juu kulia, siku ya arobaini na sita sasa. Debora akatokea, miwani, nywele zimesukwa vizuri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kumbe mzuri hivi? Ungesema, nisingeoa hapa."

"Babu, tafadhali," nikasema.

Debora aliinua kichwa. "Umemwitaje?"

Nilikuwa nimejiandalia uongo mzuri. Nilikesha nauchonga, ulikuwa na mwanzo, katikati na methali moja. Nikamtazama bibi. Nikamtazama Mama Fortunata, kitambaa kimesimama juu ya printa. Uongo ukanitoka kichwani, nikabaki na Kiswahili kitupu.

"Ni babu yangu mzaa baba," nikasema. "Jina langu la tatu ndilo lake. Si mume wangu, na baba yangu sikumzaa mimi. Nilimwandikia hivyo kwa utani kwenye fomu ya korosho, kiendelezi kikakumbuka, kikajaza kwenye fomu yenu. Sikusoma kabla ya kutuma. Hata onyo la kiendelezi chenyewe sikulisoma, nililisahihisha tu. Na kivinjari sijakisasisha zaidi ya mwezi, kwa makusudi, ili kiendelezi kisiondoke. Mwenye duka aliniambia nisasishe. Nikamwambia baadaye."

Kitambaa kikaanza tena kufuta printa.

"Mimi nilimwambia," Mama Fortunata akasema kwa printa.

Nilingoja Debora afunge video. Badala yake alisogea karibu na kamera mpaka tukaona puani.

"Hicho kiendelezi kina alama gani? Kalamu ya zambarau?"

"Ndiyo."

"Na bado kipo hapo? Sasa hivi? Kinafanya kazi?"

"Kipo."

Akamwita mtu kwa mkono. Nyuma yake akatokea mwanamume mwenye ndevu, mkuu wake, yule aliyelizwa na insha.

"Dada Imani," Debora akasema, "fomu yako haikuja peke yake. Chini yake, mahali usipopaona, zilikuja taarifa za watu mia mbili na kumi. Majina, simu, tarehe za kuzaliwa. Yupo Mwalimu Veronika. Yupo Bwana Benjamini wa Mingoyo, ameorodhesha maradhi yake."

Mama Fortunata akageuka. "Maradhi gani?"

"Mama."

"Nauliza tu. Ni jirani wa dada yangu."

Mimi sikucheka. Watu mia mbili na kumi walikaa kwenye kile kiti, wakaniambia mambo yao, wakaondoka wakinisifu vidole.

"Kiendelezi hicho kilibadilisha wamiliki mwaka jana," Debora akaendelea. "Waliokinunua wanakusanya taarifa za watu na kuzipeleka tusikokujua. Matoleo yetu mapya yanakifuta, na kikifutwa kinaondoka na nyayo zake. Kompyuta zote tulizozikagua zilikuwa zimeshasasishwa. Yenu ndiyo ya kwanza tumeikuta nacho kizima."

"Kwa hiyo," Mama Fortunata akasema, "kutonisikiliza kwake ndiyo kumefaa?"

"Kwa hili, ndiyo, mama."

Mama Fortunata alionekana kama mtu aliyeibiwa mchana.

"Tukikisoma hapo kilipo," Debora akasema, "tutajua taarifa za wateja wenu ziko wapi na tutazifunga zisitumike. Mwenzangu ataingia kwenye kompyuta hiyo kutoka huku, dakika kumi zinatosha. Na wewe, Imani, umesema ukweli uliokuumiza mbele ya bosi wako. Mkuu anasema mtu wa hivyo ndiye tunayemtafuta. Kazi ni yako."

Bibi akanishika goti. Nikaitikia "ee" tu, mimi, mwenye Kiswahili kisichoazimwa.

"Kwa sharti moja," Debora akasema. "Mpaka tumalize, kivinjari hicho kisisasishwe. Mtu yeyote asikiguse kile kitufe cha—"

"Kipi?" babu akauliza. "Hiki chekundu?"

Mkono ulishatoka kwenye koti. Mausi ilikuwa upande wake.

Nilisikia mbofyo. Mdogo, kama jongoo akikanyagwa.

Uso wa Debora uliganda, mdomo wazi. Kisha ukatoweka. Skrini ikawa nyeupe, duara likazunguka mara tatu, na kivinjari kikafunguka upya, kisafi, kinang'aa, kitufe chekundu hakipo tena. Katikati paliandikwa, kwa Kiswahili kilekile cha homa: Asante kwa kusasisha. Kiendelezi kimoja cha zamani kimeondolewa. Je, unakubali biskuti zote?

"Nimekusaidia," babu akasema. "Kilikuwa kinapiga kelele tangu Jumanne."

Nilikamata simu yangu. Betri ilikuwa imekata roho.

Hapo ndani ya koti la mvua simu nyingine ikaanza kuita. Babu akaitoa bila haraka, akaisogeza mbali na macho, akasoma namba, akaibandika sikioni kabla sijamfikia.

"Haloo. Ndiyo, ndiye mimi." Akanitazama. Lile jino la mbele likatokeza. "Kitufe? Kitufe gani tena, mwanangu? Hapana, mimi mtu wa korosho, mashine sizijui. Amekibofya mke wangu."